Meli Hii ni ya Tarehe Gani?

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ilianza kabla ya alfajiri na mpaka sasa haijakata. Ukungu umeshuka kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro hadi barabarani. Magari ya watalii yamejazana gereji ya jirani, yametulia kama ng'ombe waliozuiwa zizini.

Modest ametundika shuka lake jekundu la Kimaasai kwenye msumari nyuma ya mlango wa karakana. Kwetu hiyo ndiyo dalili ya masika. Msimu wa wageni hulivaa, akaenda kukaa bustanini kwenye lodji ya Madam Leonida, patasi mkononi, akachonga twiga huku anapigwa picha. Ni Mwiraqw wa Buger kama mimi, na kama kaka yake, marehemu mume wangu. Huimba nyimbo za kanisani kwa Kiiraqw, na wageni hurudi kwao wakisimulia kwamba wamemsikia Mmasai akiimba. Nalitazama lile shuka kila asubuhi na kulidharau.

Tangu Clemensi afariki, Modest amenipa benchi la dirishani. Yeye anachonga, mimi napiga msasa na kupaka rangi. Kila kinyago kinachotoka humu kinafungwa kikaratasi kinacholetwa na lodji: kazi ya mikono ya Wamaasai. Nimefunga vikaratasi hivyo mpaka vidole vinajua fundo bila macho.

Leo hajaingia mteja hata wa kuuliza choo.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya mnada, na mnada umekuwa tope tupu. Lakini tumepata kazi, na kazi yenyewe ni ya ajabu.

Amekuja Afande Tobiko. Karatu nzima inamjua: Mmasai wa Endulen aliyetumikia jeshi la majini mpaka akastaafu, sasa amejenga hapa mjini. Alivua buti mlangoni, sijawahi kuona mteja akifanya hivyo, akaweka mezani bahasha ya picha za meli.

Modest hakuweza kujizuia. "Afande, nyie si hamli samaki? Huko majini ulifuata nini?"

"Mshahara," alisema Afande. "Samaki niliwaachia wenyewe."

Akatueleza. Ana mchezo anaoucheza na wenzake, wengine wa Nairobi, wengine wa Dar, wengine wa Ulaya. Hutandika kitambaa cha buluu juu ya meza kubwa, wakapanga meli ndogo, wakapigana upya vita vilivyokwisha zamani, kwa rula na dadu. Mwaka huu anataka vita vya Ziwa Tanganyika, vya Mjerumani na Mwingereza, na watachezea kwenye lodji ya Madam Leonida mwanzoni mwa Juni. Meli za kununua za vita hivyo hazipatikani kirahisi, na zilizopo, anasema, zina makosa. Kwa hiyo anataka zichongwe.

"Ziwe sahihi," alisema. "Mwanasesere sitaki."

Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Kwamba meli ya kweli huwa na kibao cha aliyeijenga. Kwa hiyo chini ya kila meli liandikwe jina la fundi, na kando ya meza kutakuwa na kadi yenye jina hilohilo na namba ya simu. "Kila mchezaji wangu ana kabati nyumbani," alisema. "Na kila kabati lina nafasi tupu."

Alipoondoka, nilimwambia Modest kwamba mtu akiwa na jina na namba yake, anaweza kufungua benchi lake mwenyewe, hata Buger kwa mama.

"Jina halikai chini ya mbao, shemeji," alinijibu. "Linaliwa kabla mchwa hawajafika."

Jumanne, 12 Machi

Modest alimaliza haraka, kama anavyomaliza kila kitu. Meli tano, mbao ya mjakaranda, zimeng'arishwa kwa nta. Nzuri kweli. Zote zilikuwa na urefu wa kiganja.

Afande alizipanga kwenye benchi. Zikalala ubavu moja baada ya nyingine, maana Modest alizichonga na tumbo la mviringo mpaka chini.

"Zinaumwa?" aliuliza Afande.

"Ndivyo meli ilivyo chini, Afande. Nimeangalia kwenye picha."

"Mezani hakuna chini ya maji. Meli inakatwa hapa, maji yanapoishia." Akapitisha ukucha ubavuni mwa mojawapo. "Na hizi mbili?"

"Hizo ni zile mashua za Mwingereza. Moja jina lake Mimi, nyingine Toutou."

"Mimi ilikuwa na mita kumi na mbili. Götzen ya Mjerumani ilikuwa na mita sabini na kitu. Mbona zinalingana?"

Modest alicheka kwa mshangao wa kweli. "Afande, ni seti! Hata tembo wetu analingana na simba. Mgeni anataka wanyama wote watano waingie kwenye boksi moja, hataki kumpakata tembo kwenye ndege."

Hapo niliona kwamba miaka yote nimepiga msasa tembo wa ukubwa wa simba na sijawahi kushtuka.

Afande alichukua chaki akaandika ukutani: mita sita za kweli ni sentimita moja ya mbao. Götzen, sentimita kumi na mbili. Mimi na Toutou, mbili mbili.

"Sentimita mbili!" Modest alipiga kelele Afande alipokwisha kutoka. "Hiyo si meli, hiyo ni kunguni. Shemeji, wewe ndiye unayetaka jina. Chonga mwenyewe."

Jumatano, 20 Machi

Nimejikata kidole gumba. Toutou mbili zimepasuka.

Jumapili, 24 Machi

Mvua. Sikwenda kanisani. Nilichonga Götzen.

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa Kuu. Naandika nikiwa na hasira, na Mungu anisamehe.

Nilijua, kama kila aliyesoma historia, kwamba Götzen ndiyo Liemba yetu. Wajerumani waliizamisha wenyewe wakikimbia, ikaibuliwa, ikapewa jina jipya, na mpaka leo iko Kigoma. Kwa hiyo sikutumia zile picha hafifu za kwenye bahasha. Nilitafuta kwenye simu picha safi za Liemba, za rangi, nikachonga kila dirisha. Nilitumia kibanzi cha wembe kwa ngazi. Nilijivuna, nakiri.

Afande aliishika, akaigeuza mara moja, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama, meli hii ni ya tarehe gani?"

Sikuelewa. Nikamwambia ndiyo Götzen yenyewe.

"Hiki kibanda cha juu kiliongezwa baadaye sana, ili kubeba abiria. Hii uliyochonga inabeba watu na dagaa. Ninayotaka ilibeba mizinga. Chuma ni kilekile, mama, lakini meli siyo ileile." Akairudisha mkononi mwangu kama mtu anayerudisha chenji. "Meli isiyo na tarehe ni mwanasesere."

Akaondoka, siku ya Ijumaa Kuu, kwenye mvua. Modest alitoa kicheko kirefu. "Amekuuliza tarehe! Kesho atakuuliza nahodha alikula nini."

Nimemchukia yule mtu mchana kutwa.

Jumamosi, 6 Aprili

Amerudi na kitabu chenye michoro, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya koti. Alikaa kwenye gogo karibu na benchi langu, akanifundisha kusoma mchoro: ubavu, juu, mbele. Akanionyesha jinsi ya kupima bomba la moshi kwa kulilinganisha na urefu wa mtu aliyesimama kando yake.

Nilimuuliza kwa nini anajali hivi, na ni mchezo tu.

"Jeshini nilipelekwa kwa wageni kila sherehe," alisema. "Mmasai baharia, njooni mpige naye picha. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu meli. Kwenye meza yangu watu wanauliza kuhusu meli."

Niliporudi nyumbani niligundua kwamba sina hasira naye tena. Katika miaka yote ya benchi la dirishani, watu wameniambia "vizuri" au "fanya haraka." Huyu ni wa kwanza kuniambia nimekosea wapi.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimemaliza Hedwig, ile meli ya pili ya Mjerumani, ndogo kuliko Götzen. Imenichukua subira yangu yote. Bomba lake limesimama wima, sitaha imenyooka, mlingoti ni ncha ya mwiba. Imekaa kwenye kiganja changu kama punje ya hindi iliyokomaa, na kila kitu kimo.

Nilipasha sindano moto, nikaandika chini: Selestina, Buger. Desemba 1915. Hiyo ndiyo tarehe aliyoichagua Afande kwa mchezo wake.

Modest aliiangalia kwa muda mrefu. Hakusema "kunguni." Alisema, "Clemensi angekuonea wivu," akaenda kuwasha jiko.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua.

Jumatano, 24 Aprili

Hedwig haitakiwi.

Afande ameipokea kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga, akasema ndiyo meli bora aliyowahi kuiona ya ukubwa ule. Kisha akasema amewasiliana na wenzake wa Nairobi, na wamekubaliana kuhamisha tarehe. Mchezo hautakuwa wa Desemba 1915 tena. Utakuwa wa Juni 1916.

"Na Hedwig ilizamishwa tarehe tisa Februari," alisema. "Haiwezi kuwa mezani."

"Si utaiweka tu pembeni, Afande?" alisema Modest, na kwa mara ya kwanza alikuwa upande wangu. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Yaani shemeji amechonga maiti."

"Amechonga vizuri sana," alisema Afande, "meli iliyokwisha kuzama."

Hata Kingani, mashua ya tatu ya Mjerumani, niliyokwisha kuichonga, haipo tena tarehe hiyo. Waingereza waliiteka siku moja baada ya Krismasi wakaipa jina la Fifi. Ileile mbao yangu, sasa ni ya adui wa jana: nikwangue rangi, nibadilishe bendera, nihamishe mzinga.

Nilitaka kulia lakini niliona ana haki. Nilikubali mwenyewe sheria yake, kwa hiyo lazima inipige na mimi. Nimeiweka Hedwig dirishani.

Kabla hajaondoka alinieleza jambo la siri. Kufikia Juni, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuung'oa mzinga mkubwa wa Götzen kuupeleka kupigana nchi kavu. Mahali pake waliweka gogo lililochongwa na kupakwa rangi. Waingereza hawakujua, wakaendelea kuiogopa. Anataka nichonge gogo hilo, na wachezaji wa upande wa pili wasiambiwe.

Alhamisi, 2 Mei

Maharage ya mama kule Buger yameoza shambani kwa maji. Na humu, Götzen mpya imepinda. Mbao imekunywa unyevu mpaka sitaha imekunjamana kama ngozi ya mzee. Nimeikausha juu ya jiko, ikapasuka. Rangi ya kijivu haikauki. Ukiigusa inakuachia alama ya kidole kama unaandikishwa.

Ni ya tatu hii.

Ijumaa, 3 Mei

Modest alipanda darini akashuka na kipande cha mzeituni mwitu, kizito, kikavu, kimefungwa gunia.

"Kilikuwa cha kaka," alisema. "Alikuwa anakiweka kwa kazi ya maana."

"Na wewe hukukitumia miaka yote?"

"Nitumie kwa twiga?"

Nilikipokea. Sikujua kwamba ndani ya mtu huyu kulikuwa na kitu anachokiona ni cha maana.

Ijumaa, 10 Mei

Mzeituni haupindi. Götzen imetoka nzima.

Mzinga nimeutengeneza kwa mwiba wa mgunga, maana unaanza mnene unaishia mwembamba, kama mdomo wa mzinga hasa. Afande alipokuja nilimuuliza niupake rangi kama mzinga wa kweli, au kama gogo.

Alifikiri. "Upake kama uongo unaotaka kuaminiwa."

"Huo unapakwaje, Afande?"

"Vizuri kuliko ukweli."

Tulicheka wote watatu. Hiyo ndiyo siku nzuri ya masika haya, naiandika ili nisiisahau.

Jumapili, 19 Mei

Mvua imepungua. Fifi imekamilika. Mimi na Toutou zimekamilika. Nazishika kwa kibano cha nyusi.

Jumamosi, 25 Mei

Nimekabidhi. Afande alipima kila moja kwa rula yake. Alipomaliza aligeuza Götzen juu chini, akasoma kwa sauti: "Selestina, Buger. Juni 1916." Akanipigia saluti pale karakanani, miguu bila viatu. Modest naye akapiga, kwa mkono wenye gundi.

Nimemwambia mama kwa simu. Ameuliza kama zinaelea. Nimesema hapana, mama, ila zina jina langu.

Jumamosi, 1 Juni

Madam Leonida amekuja mwenyewe na gari la lodji, kaleta na meli ambazo Afande alimpelekea. Ni mama mchangamfu, wa Moshi, anakumbatia watu. Alisema meli ni nzuri kupita kiasi, na kwamba tatizo ni moja dogo: zitakwaruza meza yake. Akamtaka Modest abandike kitambaa laini cha kijani chini ya kila moja. Akatoa kitambaa chenyewe kwenye pochi.

Modest alinitazama. Mimi nikatazama Hedwig dirishani. Alizibandika moja moja, pale pale. Ni kazi safi. Modest akibandika, hakibanduki.

Nikajifariji: jina limefunikwa, lakini kadi bado ipo.

"Kuhusu kadi, Madam," nilisema.

"Ipo, ipo, imeshachapwa, inapendeza! Na siku hiyo, dada Selestina, njoo umevaa shanga kidogo, na shuka. Nitakuazima. Ukae kando ya meza, wageni wakuone."

Nilimwambia mimi ni Mwiraqw, na nguo zangu za kanisani zinatosha.

"Najua, mpenzi. Lakini mgeni akisoma Mwiraqw ataniuliza ni nini hiyo, na chakula kinapoa. Afande ni Mmasai, meli ni zake. Si uongo mbaya."

"Afande anajua?"

"Afande mambo yake ni meli."

Kwa hiyo hajui, nilijiambia. Mtu aliyemkatalia maiti Hedwig nafasi ya pembeni, akiiona kadi hiyo ataichana.

Jumapili, 2 Juni

Nimemuuliza Modest kwa nini alibandika bila neno.

"Ungetaka nigome? Wewe una meli tano, shemeji. Mimi nina twiga mia wa kuuza kwake kila msimu, na hao twiga ndio wanaokulipia benchi." Akaendelea kunoa patasi. "Unalidharau lile shuka. Nakuona kila asubuhi unavyoliangalia. Unadhani mimi nalipenda?"



Jumamosi, 8 Juni

Siku ya mchezo. Nilivaa gauni langu la Pasaka. Madam Leonida aliniona mlangoni akatabasamu kama mtu aliyeletewa sahani isiyo yake, akaniweka kwenye pembe ya jikoni, "ili kitu kikivunjika uwe karibu."

Meza ilikuwa ya ajabu. Kitambaa cha buluu kutoka ukuta hadi ukuta, milima ya Kigoma imetengenezwa kwa gunia na chokaa. Na juu ya buluu ile, meli zangu. Kwa mbali nilitambua kila moja kama mtu anavyotambua watoto wake uwanjani kwa mwendo tu. Götzen ilikuwa kubwa peke yake, na zile ndogo zilionekana ndogo kweli, kiasi cha kumwogopea mtu aliyepanda ndani yake.

Kando ya meza kulikuwa na kadi, imewekwa kwenye fremu. Nilingoja mpaka waende kwenye chai, nikaisogelea. Kwa Kiingereza na Kiswahili: Meli hizi zimechongwa na mafundi wa Kimaasai wa Ngorongoro. Chini, namba ya simu ya lodji.

Kwenye kiti kilichokuwa kimewekwa kwa ajili yangu alikaa Modest, amevaa lile shuka, patasi mkononi, kipande cha mbao magotini. Hakunitazama.

Mchezo ulianza. Sielewi dadu zao, lakini nilielewa hofu. Bwana mmoja wa Nairobi aliyeongoza upande wa Mwingereza alikuwa na mashua zenye kasi, na kila alipopata nafasi ya kusogea, alipiga jicho kwenye mwiba wangu, akarudi nyuma. Mara tatu alirudi. Mwisho muda ukamwishia. Afande akasimama, akang'oa mzinga wa Götzen kwa vidole viwili, akauinua.

"Mabwana," alisema, "mmekimbia mti."

Ukumbi mzima ulilipuka. Yule bwana wa Nairobi alijipiga paji la uso. "Mmenifanyia! Nani kachonga huo mzinga? Nani kachonga?"

Madam Leonida akanyoosha mkono kuelekea kwenye kiti. Modest alisimama. Watu walimpigia makofi mtu ambaye hajachonga hata ubavu mmoja, na akainamisha kichwa, kwa sababu ndiyo kazi aliyozoea. Simu zikainuliwa kwa picha.

Afande Tobiko alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwenye kadi. Nilimwona akiisoma. Najua aliisoma, maana alisoma kama anavyosoma kila kitu, mpaka chini. Nikangoja. Nilikuwa na uhakika kama nilivyo na uhakika wa jina langu.

Akakunja uso. Akamwendea Modest. Akashika bega lake, akafungua fundo la shuka, akalihamishia bega la pili, akalikaza, akalinyoosha upindo kwa mkono.

"Lilikuwa limekaa vibaya," alisema.

Kisha akasimama pembeni ili wapigwe picha pamoja.

Nilitokea mlango wa jikoni. Mpishi mmoja aliniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 10 Juni

Afande amekuja, amevua buti mlangoni kama kawaida. Ana furaha. Wageni wamesifu, na mwakani watacheza vita vya mto Rufiji, Mjerumani amejificha kwenye mikoko, Mwingereza anamtafuta. Meli nyingi, kubwa. Ameleta bahasha mpya.

Sikuifungua. Nilimuuliza kuhusu kadi.

"Hayo ni ya Madam," alisema. "Ukumbi ni wake, meza ni yake. Mimi siingilii biashara."

"Hedwig uliikataa."

"Hedwig ilikuwa imezama."

"Na mimi?"

Alitazama sakafu. Akasema, polepole, kwamba wageni wale wanakuja kumwona yeye pia; kwamba Mmasai baharia ndiye anayejaza vyumba vya masika; kwamba akimkosesha Madam kadi yake, mwakani hakuna meza. "Nimezoea, mama. Na wewe utazoea."

Modest aliacha kunoa. Nikasikia maji ya mwisho yakidondoka kutoka kwenye bati.

"Nitakuchongea, Afande," nilisema. "Lakini kwanza nijibu. Kwenye kadi mimi ni Mmasai wa Ngorongoro. Tangu tarehe gani?"

Alifungua mdomo. Mtu ambaye anajua siku ambayo kila mzinga uling'olewa kwenye kila sitaha alisimama mbele ya benchi langu na hakuwa na tarehe. Alivaa buti zake, la kushoto kwanza, akafunga kamba zote mpaka juu. Bahasha aliichukua.

Hakusema kwaheri, na mimi sikumwambia karibu tena.

"Sasa umeshiba?" aliuliza Modest baadaye. Lakini hakuuliza kwa dhihaka.

Jumatatu, 17 Juni

Vumbi limerudi. Magari ya watalii yametoka gereji tangu wiki iliyopita, yanapanda kwenda getini kwa foleni. Nimesikia Afande amempata fundi mwingine, Arusha mjini, wa kumchongea za Rufiji.

Asubuhi Modest alilitoa shuka msumarini. Alilifunga, akalifungua, akalifunga tena. "Limekaa sawa?" aliniuliza. "Yule mzee alilihamishia upande gani?" Nilisimama, nikamfungia, upande ule aliofundishwa. Nikamnyooshea upindo. Akaenda kazini.

Mchana dereva mmoja aliingiza mgeni, mama wa makamo mwenye kofia. Alizunguka vinyago, akafika dirishani, akaiona Hedwig. Akaichukua kwa vidole viwili. Akaileta karibu na miwani, akaigeuza, akasoma chini. Hedwig haina kitambaa.

"Anauliza Selestina ni nani," alisema dereva.

"Mimi."

Mama yule alifurahi sana. Aliizungushazungusha kwenye mwanga, akauliza jambo.

"Anauliza, wewe ni Mmasai?" Dereva alinikonyeza. "Sema ndiyo, dada, amalize."

"Mwambie mimi ni Mwiraqw."

Alimwambia. Mama akauliza tena, dereva akaeleza kwa mikono, akaonyesha huku na kule, Mbulu, milima. Mama aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayesikiliza njia ya mahali asipokwenda. Akairudisha Hedwig dirishani, taratibu, asije akaivunja, akachagua twiga.

Nikamfungia twiga kikaratasi chake cha kazi ya mikono ya Wamaasai.